Mgao wa Kiti Kisicho na Mikono

Katika Bodi ya Mialo, ile ofisi ya ghorofa mbili inayosimamia fukwe ambako mitumbwi huteremsha sangara na dagaa, cheo cha mtu kilijulikana kwa kiti chake. Mkurugenzi alikalia kiti cha ngozi chenye magurudumu na pa kuegemeza kichwa. Mameneja walikalia viti vya kitambaa vyenye mikono. Maofisa walipewa vyenye mikono ya plastiki. Makarani, madereva na walinzi walikalia viti visivyo na mikono kabisa, kana kwamba mtu wa mshahara mdogo hana viwiko. Haya si maneno ya vijiweni. Lilikuwapo jedwali la viti, limesainiwa na kugongwa muhuri, na Dorcas, ofisa utumishi, alilitunza kwenye droo yake pamoja na ufunguo wa choo cha wakubwa.

Yeremia alipoajiriwa kusimamia seva ya Bodi, kazi yake ya kwanza ilikuwa kugawa nafasi. Kila mtumishi alitakiwa apewe sehemu yake ya diski ya kuhifadhia mafaili, na sehemu hiyo ikijaa, seva isimpokelee tena kitu. Mtu makini angezunguka ofisini kwanza, aulize nani anaandika nini na nani anapokea nini. Yeremia hakuzunguka. Joto lilikuwa kali siku hiyo, fundi wa kiyoyozi alikuwa bado hajafika, na Dorcas hakuwa mchoyo wa jedwali lake. Basi akagawa seva kwa viti. Kiti cha ngozi, gigabaiti mia moja. Kitambaa chenye mikono, ishirini. Mikono ya plastiki, tano. Kisicho na mikono, moja. Kazi nzima ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na Mkurugenzi, Bwana Chenge, akamsifu kikaoni kwamba kijana huyu ameheshimu muundo wa taasisi.

Ikapita karibu miaka mitatu bila mtu kulalamika, isipokuwa mmoja, na huyo alilalamika kwa upole mno hata ikawa kama hakusema kitu.

Mtu huyo alikuwa Getruda Mayala, karani wa masjala. Barua zote za Bodi, zinazoingia na zinazotoka, zilipita kwake. Yeye ndiye aliyezifungua, akazipa namba, akaziweka kwenye jalada lake na kuzipeleka kwa mhusika. Alikuwa na miaka ishirini na saba kazini, ikibaki miwili tu astaafu apumzike kwake Buhongwa. Kila mtu alimwita Mama Getruda. Mkurugenzi mwenyewe, akitaka kujua mwaka juzi aliandika nini kuhusu nyavu haramu, alimpigia simu yeye badala ya kukumbuka.

Na Bodi ile ilikuwa na ugonjwa wake, nao ni Nakala. Hakuna barua iliyotoka bila orodha ya nakala chini ya saini. Meneja wa Doria aione kwa taarifa. Meneja wa Ushuru aione kwa hatua. Mwanasheria aione, kwa sababu asipoiona atanuna. Na mwisho kabisa, chini ya barua zote bila kubagua, Masjala. Enzi za karatasi hilo halikuwa na shida, kwa kuwa masjala ilikuwa na makabati kumi na sita. Mfumo wa kompyuta ulipokuja makabati yakapigwa mnada, lakini nakala ziliendelea kumiminika vilevile, sasa zikiwa picha nzito za kurasa zilizoskaniwa, na zote ziliishia kwenye jina moja ndani ya seva. Jina hilo lilikuwa la mwanamke wa kiti kisicho na mikono, mwenye gigabaiti moja. Mkurugenzi, aliyeandika barua tatu kwa wiki akijitahidi, alikuwa hajajaza hata gigabaiti mbili katika mia zake.

"Mwanangu, ile nafasi yangu ni ndogo," Mama Getruda alimwambia Yeremia mara mbili tatu, wakikutana kwenye ngazi.

"Nitaiangalia, mama," alijibu kila mara, na kila mara alisahau kabla hajamaliza ngazi.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Bodi ikatangaza uhakiki. Neno hilo mtumishi wa nchi hii akilisikia huenda kuvihesabu vyeti vyake, hata kama ni safi. Ilinong'onwa kwamba kuna watumishi hewa, majina yanayopokea mshahara bila mtu nyuma yake, na Bwana Chenge alikuwa ameapa mbele ya wajumbe wa Bodi kwamba kwake hewa haitapita. Kila mtumishi aliagizwa aweke vyeti vyake kwenye mfumo kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Ambaye vyeti vyake havitaonekana, jina lake litaondolewa.

Seva ilihema wiki ile. Watumishi mia nne walikuwa wanaskani na kupandisha mafaili kwa pamoja, na simu ya Yeremia haikupumzika. Wote walilia kilio kimoja: seva imejaa, seva imegoma, kazi yako nini wewe. Yeremia alitazama diski akaona zaidi ya nusu ni tupu. Seva ilikuwa na nafasi tele. Waliojaa walikuwa wao, kila mtu katika mgao wake. Basi akapata jibu moja la kuwapa wote, akalirudia mpaka likamkauka mdomoni: punguza mafaili, kisha jaribu tena. Na kwa wengi lilifaa, maana mafaili yao yalikuwa mahubiri, ngoma za harusi na video za mpira.

Jumatano kabla ya saa sita, Mama Getruda alipanda ngazi mpaka chumba cha mitambo. Alimkuta Yeremia ameshika simu kwa bega, mikono yote miwili kwenye kibodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naona leo uko vitani."

"Acha tu, mama."

"Sitakuchelewesha. Barua zimegoma kuingia kwangu tangu jana. Meneja wa Doria anasema zinamrudia, na ananifokea mimi."

"Punguza mafaili, mama. Futa kiasi, zitaingia."

"Nifute yapi?"

"Yoyote usiyoyahitaji. Na vyeti vyako uweke mapema, Ijumaa si mbali."

"Vyeti nimeviweka leo asubuhi, saa mbili na kidogo. Mfumo umeniandikia 'Imepokelewa'."

"Basi wewe umeshapona, mama," Yeremia akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Mama Getruda akashuka ngazi polepole, ameridhika. Yeremia hakumfuata. Hakuomba aone kioo cha kompyuta yake, wala hakujiuliza inakuwaje mtu ambaye barua hazimwingii vyeti viingie. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na dakika hiyo hakuitoa, kwa sababu aliyekuwa akimngoja kwenye simu alikuwa Meneja wa Doria, mtu wa kitambaa chenye mikono.

Jumatatu iliyofuata orodha ikabandikwa kwenye ubao. Watumishi kumi na mmoja walikuwa na mafaili matupu: majina ya vyeti yalionekana, ndani hamna kitu. Kumi kati yao walikimbia nyumbani, wakarudi na vyeti halisi mikononi, wakatetea kazi zao kabla chai ya saa nne haijapoa. Wa kumi na moja alibaki amesimama mbele ya ubao, mkoba kifuani, akisoma jina lake mwenyewe.

Bwana Chenge akamwita Yeremia. "Wajumbe wanaweza kuniuliza kama mtambo wetu ni mbovu," alisema. "Nataka jibu kabla ya saa sita. Ni mtambo au ni mtu?"

Yeremia alirudi kwenye seva akaanza kutafuta, na tuseme haki, akiamua kazi aliijua. Alifungua faili la cheti cha Mama Getruda akakuta uzito wake ni sifuri. Akarudi kwenye kumbukumbu za seva za Jumatano, saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, na pale pakawa peupe. Seva huandika kwanza jina la faili, kisha ndipo huandika yaliyomo. Jina halina uzito, likapita. Yaliyomo yalipofika yakakuta mgao wa mwenyewe umejaa, yakakataliwa. Na programu ya uhakiki, iliyonunuliwa haraka haraka, ilikuwa inatazama jina tu. Ikiona jina inaandika "Imepokelewa" na kuendelea na shughuli zake.

Akachimba zaidi. Kumbe seva ilikuwa imemwonya Mama Getruda kwamba mgao wake unajaa, siyo mara moja, mara mia mbili na kumi na nne, kwa muda wa miezi kumi na mmoja. Lakini sanduku la masjala lilipangwa kupokea barua tu, si ujumbe wa mtambo, hivyo maonyo hayo yakakosa pa kuingia, yakageuka na kurudi kwa msimamizi wa seva. Msimamizi wa seva alikuwa ameweka kanuni kwamba ujumbe wa aina hiyo uende moja kwa moja kwenye folda ya pembeni asiyoifungua, kwa sababu ulikuwa unampigia kelele. Yeremia aliifungua folda hiyo kwa mara ya kwanza. Onyo la kwanza kabisa lilikuwa la mwezi wa nne mwaka jana.

Hata hivyo alipata tumaini. Cheti kilichoskaniwa lazima kiko kwenye folda za Mama Getruda. Kumwongezea mgao ni mstari mmoja wa maandishi. Kukipandisha upya ni sekunde. Akauandika mstari huo hapohapo, gigabaiti hamsini badala ya moja, akashuka ngazi mbili mbili mpaka masjala.

Mama Getruda alikuwa anapanga bahasha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, kosa nimelipata. Nionyeshe cheti chako ulichoskani, tukiweke tena sasa hivi."

"Nilikifuta."

"Ulikifuta? Kwa nini?"

"Uliniambia nipunguze."

"Nilisema usiyoyahitaji!"

"Ndiyo, baba. Nikakaa hapa, nikayatazama moja moja mpaka macho yakaniuma. Barua elfu kumi na moja na ushee. Hii ya doria, hii ya ushuru wa mwalo wa Igombe, hii ya kesi ya nyavu. Hata moja si yangu, Yeremia. Ni za ofisi. Karani wa masjala haharibu barua ya ofisi, mimi nilikula kiapo mwaka tisini na saba. Nikajiuliza, humu ndani changu ni nini? Picha za ubatizo wa wajukuu, na vyeti. Na vyeti mfumo umeshavipokea. Nikafuta changu."

Yeremia alikaa kwenye kiti cha wageni. Alitaka kumkasirikia akashindwa. Katika watu mia nne, mmoja tu ndiye aliyeyachukua mafaili ya ofisi kama amana, na huyo ndiye aliyeumia.

"Na chenyewe halisi, mama? Kile cha karatasi?"

"Kilichukuliwa na kamati ya uhakiki uliopita, kabla wewe hujaja hapa. Walisema watarudisha. Siku moja kabla ya kukikabidhi ndipo nilipokiskani, maana sikuwaamini. Barua yangu ya ajira iliondoka pamoja nacho."

"Chuo kinaweza kutoa kingine."

"Chuo kilikuwa cha chama cha ushirika, na ushirika wenyewe ulikufa. Majengo sasa yanatunza mbegu za pamba. Mwalimu mkuu nilimzika mimi."

Yeremia alipanda tena juu, akajaribu kila alichofundishwa. Nakala rudufu za wiki zilikuwapo, lakini diski yake ilikuwa ndogo, na yeye mwenyewe alikuwa ameamua ihifadhi kuanzia mikono ya plastiki kwenda juu. Akajaribu kufukua faili lililofutwa kutoka kwenye diski. Lakini Jumatano ile, mara tu Mama Getruda alipoachia nafasi, barua zilizokuwa zimezuiwa zilivamia kwa pamoja zikaandikwa palepale juu ya cheti chake. Zilikuwa barua arobaini za Meneja wa Doria kuhusu matairi ya gari. Kazi ya miaka ishirini na saba ya mwanamke mmoja ilikuwa imefunikwa na matairi.

Saa sita kasoro dakika tano, alipita masjala akielekea kwa Mkurugenzi.

"Kosa si lako, mama," alimwambia mlangoni. "Ni mgao, na mgao niliuweka mimi. Nakwenda kumweleza Mkurugenzi."

Mama Getruda alishusha pumzi ndefu. "Afadhali, mwanangu. Wewe ndiye unayejua ya ndani ya huo mtambo. Mimi nikisema wataona najitetea, lakini wakisikia kwako wataamini."

Kutoka masjala hadi ofisi ya Mkurugenzi ni ukumbi mmoja na ngazi moja. Yeremia alianza safari hiyo akiwa na ukweli mzima kichwani. Katikati ya ukumbi akakumbuka kwamba mkataba wake wa miaka mitatu unaisha mwezi wa sita. Kwenye ngazi akakumbuka chumba na sebule alichopanga Kiseke, na mwenye nyumba anavyowasema watu waliofukuzwa kazi kwa uzembe. Alipogonga mlango, ukweli ulikuwa umeshapungua kimo.

Bwana Chenge alikuwa ameegemeza kichwa chake mahali pa kuegemeza kichwa. Dorcas alikuwa kando yake na jalada la uhakiki mapajani.

"Haya. Mtambo au mtu?"

"Mzee, seva ilikuwa nzima wakati wote," Yeremia alisema. "Mtumiaji alikuwa amezidisha mgao wake."

Kila neno lilikuwa kweli. Alishangaa lilivyotoka kwa ulaini.

"Alionywa?"

"Seva ilituma maonyo mia mbili na kumi na nne."

Bwana Chenge alipiga mluzi. "Mia mbili! Na cheti chenyewe?"

"Alikifuta mwenyewe Jumatano."

"Huo mgao, nani anaupanga?"

Dorcas aliinua macho kutoka kwenye jalada akamtazama Yeremia. Alilijua jedwali lake, na alijua aliyeliazima. Yeremia aliona kwamba mlango bado uko wazi. Angeweza kusema mimi, na mambo yote yangegeuka.

"Unafuata muundo wa taasisi, mzee," alisema.

"Basi," alisema Bwana Chenge, kwa kuwa muundo wa taasisi ulikuwa wake, na hakuwahi kuuona una kosa. "Liandike hivyohivyo, fupi. Nakala kwa Utumishi, kwa Mwanasheria, na Masjala."

Yeremia aliandika mistari minne. Ilipokwenda, haikukwama popote, maana sanduku la masjala sasa lilikuwa na gigabaiti hamsini na barua yake ilipita kama mtu anayeingia kwake. Alasiri hiyo hakushuka chini. Alijifungia na seva, akajiambia kwamba hakusema uongo, akajiambia tena, na mara ya tatu akajichukia.

Kesho yake asubuhi walikutana kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuongeza neno la mwana. "Barua yako imefika. Nimeipa namba, nimeiweka kwenye jalada langu binafsi, ukurasa wa mwisho."

"Mama, naomba nikueleze..."

"Haina uongo hata mstari mmoja, Yeremia. Niliutafuta usiku kucha nikaukosa."

Akaendelea kushuka, mkono kwenye ukuta.

Alhamisi ikaja barua ya kumwondoa kazini. Kwa kuwa barua zote hupita masjala, aliifungua yeye, akaipa namba yeye, akaipeleka nakala kwa kila aliyeandikwa chini. Kisha akamkabidhi Dorcas funguo na mihuri, akaaga walinzi getini mmoja mmoja kwa jina, akaondoka na mfuko wa plastiki wenye kikombe na kanga. Watu walichungulia madirishani. Hakuna aliyetoka nje kumsindikiza, kwa kuwa uhakiki ulikuwa bado moto na kila mtu aliogopa kuonekana. Yeremia naye alichungulia, na alikuwa wa kwanza kuondoka dirishani.

Ijumaa Dorcas akamwagiza afute jina la getruda.mayala kwenye seva. Akalifuta.

Jumatatu Bodi nzima ikasimama. Kila barua ilikuwa na nakala kwa masjala, na mfumo ulikuwa haukubali kutuma barua ambayo mpokeaji wake mmoja hayupo. Barua ya leseni za mitumbwi ikarudi. Ya posho za vikao ikarudi. Kufika saa nne, Bwana Chenge alikuwa anapiga kelele kwenye simu hata Yeremia akaiweka mbali na sikio.

"Hakuna kinachotoka humu! Rudisha, Yeremia, rudisha sasa hivi!"

Kwa pumzi moja Yeremia aliamini kwamba dunia imejisahihisha yenyewe, bila yeye kulazimika kusema neno.

"Nimrudishe Mama Getruda, mzee?"

"Jina, bwana! Rudisha jina barua ziende! Karani tutatafuta bajeti ikiruhusu."

Alilirudisha jina, na gigabaiti hamsini zake. Barua zikaanza kwenda. Tangu siku hiyo, katika Bodi iliyoapa kwamba hewa haitapita, lilikuwapo jina linalopokea barua kila siku bila mtu nyuma yake, na Yeremia ndiye aliyeliumba kwa mikono yake. Aliona kichekesho hicho, lakini hakikumchekesha. Alilala vibaya, chakula kikamkinai, na kila alipopita mlango wa masjala uliofungwa alitembea haraka.

Sheria ya Bodi ilimpa mtumishi aliyeondolewa siku kumi na nne za kukata rufaa. Rufaa iandikwe kwa Mkurugenzi, na kama barua nyingine yoyote, ipitie Masjala, ambako itafunguliwa, ipewe namba na kupelekwa juu. Siku ya kumi ilikuwa Jumapili, ya kumi na moja ikawa Jumatatu. Asubuhi hiyo Yeremia aliingia kwenye sanduku la masjala kutazama kama linajaa, kazi ambayo sasa hakuisahau hata siku moja. Lilikuwa limetumia asilimia tatu. Katika rundo la barua ambazo hakuna aliyezifungua, aliona moja iliyokuja kwa barua pepe kutoka duka la kutoa fotokopi la Buhongwa, siku tano zilizopita. Uzito wake ulikuwa kamili. Aliifungua.

Mama Getruda aliandika kwa mkono, herufi zilizosimama sawasawa, na kumbukumbu namba juu kulia kama inavyotakiwa. Hakumlaumu mtu. Alieleza kwamba aliviweka vyeti kwa wakati, akaandikiwa vimepokelewa, na kwamba alifuta vya kwake ili za ofisi zipate nafasi. Mwisho akaandika: "Shahidi wangu ni Ndugu Yeremia wa mitambo. Ndiye anayejua kilichotokea, na mlangoni kwangu alinitamkia kwamba kosa si langu. Naomba aitwe aulizwe tena. Naamini mara ya kwanza alikuwa na haraka."

Yeremia aliisoma mara mbili. Macho yalimlowa, akayafuta kwa kiganja. Zilibaki siku tatu. Kuipeleka kwa Mkurugenzi hakukuhitaji ushujaa wowote wa vitabuni. Kulikuwa na kitufe pale pembeni kilichoandikwa "Peleka juu", na kidole chake kilikuwa tayari kwenye kipanya.

Simu ikalia. Alikuwa Bwana Chenge, leo sauti ya furaha.

"Yeremia! Barua zinakwenda?"

"Zinakwenda, mzee."

"Safi sana. Mkataba wako mpya uko hapa mezani, nausaini leo hii. Vijana wa namna yako ndio tunaowataka."

"Asante sana, mzee."

"Na huko masjala hakuna kilichokwama? Sitaki tena aibu ya juzi."

Yeremia aliitazama barua iliyokuwa wazi mbele yake.

"Hakuna, mzee," alisema.